Makao ya Viumbe na Mahali pa Hali Moja

Habari hizi zimeandikwa kwa ajili ya mkulima na mfugaji aliye na shamba karibu na pori, na kwa mwalimu apendaye kuwatoa wanafunzi wake chumbani wakaitazame nchi yao. Humu yataelezwa mambo mawili: makao ya kiumbe, na mahali pa hali moja. Watu wengi huyafanya kuwa jambo moja, wala si ajabu, maana hata katika vitabu vya wataalamu mara nyingi huchanganywa. Lakini kuyachanganya kumewahi kugharimu ng'ombe wengi na miti mingi, nasi tutaona jinsi ilivyokuwa.

MAANA YA MANENO

Elimu ya viumbe pamoja na mahali wanapoishi huitwa ekolojia. Jina hilo lilitungwa mwaka 1866 na Mjerumani Ernst Haeckel, naye alilitoa katika neno la Kiyunani lenye maana ya nyumba. Twaweza kusema, basi, kwamba ni elimu ya nyumba za viumbe.

Makao ya kiumbe ni pale pote anapopata mahitaji yake: chakula, maji, kivuli, maficho, na mahali pa kuzalia. Atakaye kuyajua makao huanza na kiumbe mwenyewe, akamfuata. Huuliza, "Huyu hula wapi? Jua likiwa kali hukimbilia wapi? Watoto wake huwaweka wapi?" Kiboko aonekana kuwa mnyama wa maji, nawe ukimwona mchana tu utasema makao yake ni mto. Lakini usiku hutoka akala majani nchi kavu. Kwa hiyo makao yake ni mto pamoja na ukingo wenye majani. Kimoja kikikosekana, kiboko hayupo.

Mahali pa hali moja ni habari nyingine. Hapo huanza mtu na nchi, wala haanzi na kiumbe. Ni kipande cha nchi ambacho udongo wake, maji yake, mwinuko wake na jua lake ni namna moja toka upande hata upande, hata mimea na wanyama waliomo huwa kundi moja lijulikanalo. Mwaka 1908 Mjerumani mwingine, Friedrich Dahl, alipaita mahali kama hapo baiotopu, kwa maneno mawili ya Kiyunani, uhai na mahali. Mikoko ya mwambao wetu ni mfano mwema: tope la chumvi, maji yajaayo na kupwa, miti yenye mizizi iliyotokeza juu, na kaa wachimbao matundu katikati yake. Mvuvi hahitaji kuambiwa mikoko yaanzia wapi na kuishia wapi.

Tukisema hali moja hatusemi kwamba kila shubiri ya nchi ni sawa na shubiri ya pili. Katikati ya mbuga kuna kichuguu, na juu ya kichuguu huota vichaka ambavyo havioti kando yake. Chini ya mbuyu pana kivuli na samadi ya popo. Mtu akitaka kugawa nchi vipande vipande hata kufikia kila kichuguu na kila gogo, hatamaliza kazi, wala hatapata faida. Kipimo chafuata haja. Mchunguzi wa mchwa atagawa kwa hatua, mfugaji wa ng'ombe kwa maili.

NCHI YA USUKUMA, TOKA KILIMANI HATA MBUGANI

Mahali pazuri pa kujifunza jambo hili ni Usukuma, kusini ya ziwa la Victoria Nyanza. Nchi ile ni ya vilima vya mawe makubwa na mabonde mapana, nao wenyeji wameupa udongo wake majina tangu zamani. Juu, chini ya mawe, pana luseni, udongo wa kichanga, mwepisi kulima, ufaao kwa karanga, mihogo na uwele. Ukishuka wafika itogolo, ambapo chini ya uso wa nchi pana tabaka gumu lisilopitisha maji. Mvua ikinyesha maji husimama, jua likiwaka jembe hugonga kama juu ya sakafu. Bondeni kabisa ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi, unaonata miguuni wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Wasukuma wana majina mengine zaidi, nayo hutofautiana kidogo mahali na mahali, lakini haya matatu yatutosha.

Kila udongo una wenyeji wake. Katika luseni twaona miti mirefu iliyoachana. Katika itogolo majani ni mafupi na machache, na vichaka vya miiba. Mbugani ni majani marefu, na ile migunga mifupi yenye vinundu vyeusi vilivyo na matundu, ambamo sisimizi wakali hukaa. Mbuzi akilishika tawi moja, hutoka wakamuuma midomo. Sisimizi wale hupata nyumba katika mti, na mti hupata walinzi.

Mwaka 1935 bwana Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa akifanya kazi katika chuo cha Amani, milima ya Usambara, alitoa rai kwamba tabaka hizi zisihesabiwe kila moja peke yake, bali zihesabiwe kama mnyororo mmoja. Alitumia neno la Kilatini, katena, lenye maana ya mnyororo, kwa sababu umbo la kilima, bonde na kilima cha pili lafanana na mnyororo ulioshikwa ncha mbili ukalegea katikati. Baada ya hapo alisafiri katika sehemu nyingi za Tanganyika, toka Desemba 1935 hata Februari 1936, na taarifa ya safari ile ilipigwa chapa mwaka 1947, naye amekwisha kufa. Alionyesha kwamba mara nyingi jabali lililo chini ni lile lile toka juu hata chini, lakini maji ya mvua huchukua chembe nyembamba na chumvi kuzipeleka bondeni, chembe nene hubaki juu. Kwa hiyo udongo wa mbugani kwa namna fulani ni mtoto wa udongo wa kilimani. Neno hilo la Milne latumika mpaka leo katika elimu ya udongo duniani kote, nalo lilizaliwa katika nchi hizi zetu za Afrika Mashariki. Yafaa kuongeza kwamba wakulima waliompa majina ya udongo walikwisha kuujua mnyororo kabla hajafika.

Jambo la kuangalia ni hili. Luseni ni mahali pa hali moja, na mbuga ni mahali pa hali moja. Lakini makao ya mkulima Msukuma si luseni wala mbuga. Hulima karanga juu, hulisha ng'ombe chini wakati wa kiangazi, hutega maji ya mvua kwa majaruba ya mpunga chini ya mteremko, na nyumba hujenga pasipotuama maji. Ukimpa luseni peke yake, ijapokuwa ekari mia, ng'ombe wake watakufa kiangazi. Ukimpa mbuga peke yake, atalala majini.

MBUNG'O NA NYUMBA YAKE

Sasa tuje kwa mbung'o, ambaye bara wamwita ndorobo. Huyu ni inzi aletaye nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Hali chakula kingine ila damu, dume na jike sawasawa. Uzazi wake ni wa ajabu. Hatagi mayai mamia kama mbu. Jike hubeba funza mmoja tumboni, akamlisha humo kwa kitu kama maziwa, na kila baada ya siku tisa au kumi hivi humzaa mmoja tu. Funza hujichimbia katika udongo laini penye kivuli, chini ya gogo au jabali lililoinama, akageuka bonge gumu jeusi, na baada ya mwezi mmoja au zaidi hutoka inzi. Udongo ukiwa na joto kali mno mchana kutwa, mafuta aliyopewa na mama yake huisha kabla ya wakati, akafa humo humo.

Tazama basi mahitaji yake. Ataka kivuli cha kupumzikia, ataka udongo laini wenye kivuli wa kuzalia, ataka mnyama wa kumnyonya. Na kwa kuwa watoto wake ni wachache mno, hasara kidogo kila siku yatosha kulimaliza kundi lote. Katika wadudu waharibifu wote wa nchi hizi sijui mwingine aliyefungwa na nyumba yake kama huyu.

Lakini mbung'o si wa namna moja. Yule wa miombo, aitwaye kwa Kilatini Glossina morsitans, hukaa katika misitu mikavu ya myombo na mininga. Yule wa Shinyanga na Serengeti, Glossina swynnertoni, hukaa katika pori la migunga lililo wazi, na ampendaye sana ni ngiri. Glossina pallidipes ataka vichaka vilivyosongamana, na hapo humnyonya pongo. Mbung'o wa kando ya ziwa Victoria, ambaye siku hizi aitwa Glossina fuscipes, hashiki njia mbali na maji. Hunyonya hata kenge. Toka mwaka 1900 hata 1920 malale yaliua watu zaidi ya 200,000 katika pwani na visiwa vya ziwa hilo upande wa Uganda, na serikali ya wakati ule iliwahamisha watu kutoka ufukoni. Ugonjwa ulipungua, mbung'o hakuondoka, maana nyumba yake na kenge wake vilibaki.

Mtu anayesema tu "mbung'o hukaa porini", amesema kweli isiyosaidia. Pori lipi?

Swali hilo ndilo lililowashughulisha wachunguzi waliokaa Shinyanga, ambako bwana C. F. M. Swynnerton alikuwa mkuu wa idara ya uchunguzi wa mbung'o tangu 1929 mpaka alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, pamoja na bwana B. D. Burtt, mjuzi wa mimea. Kwanza kazi yao kubwa ilikuwa kufyeka. Watu kwa maelfu waliitwa baada ya mavuno, wakakata miti yote mahali pote, hata nchi ikawa wazi. Palipofyekwa hivyo na watu wakahamia wakalima, mbung'o alitoweka, na ng'ombe waliishi. Hilo halikanushiki. Palipofyekwa pasipo watu wa kutosha kukaa, visiki vilichipuka, na baada ya masika machache pori lilirudi likiwa limesongamana kuliko kwanza.

Mwenzao mmoja, bwana C. H. N. Jackson, alitumia njia nyingine. Aliwakamata mbung'o wakiwa hai, akawatia nukta za rangi mgongoni, akawaachilia, kisha akawatafuta tena siku za baadaye, akiandika kila mmoja alikopatikana. Kazi ya namna hii yataka subira kuliko akili, na mimi nadhani ndiyo sababu wachache huipenda. Ilionekana kwamba mbung'o wa miombo hakai mahali pamoja. Hupumzika mwituni kwenye kivuli, lakini akiwa na njaa huenda ukingoni, mwitu unapokutana na mbuga, ambapo wanyama hupita na yeye aweza kuwaona kwa mbali. Makao yake, basi, ni mahali pa hali moja pawili, na mstari unaopaunganisha. Katika ukame mkali hukusanyika palipobaki kivuli chenye majani, na hapo eneo lake huwa dogo sana.

Maana yake kwa mwenye shoka ni kubwa. Ikiwa nyumba ina vyumba viwili, wala mwenyewe hawezi kuishi na kimoja tu, hakuna haja ya kubomoa vyote viwili. Wachunguzi wakajaribu kukata miti ya sehemu chache zilizochaguliwa, hasa pembezoni mwa mbuga na kando ya vijito, wakaiacha mingine yote. Huko Abercorn, mji uitwao sasa Mbala, nchini Zambia, mbung'o wa miombo alimalizwa kwa njia hiyo, na habari zake zilichapishwa mwaka 1955. Miti iliyokatwa ilikuwa sehemu ndogo tu ya msitu.

KOSA LA KUIONA NCHI KUWA MOJA

Lakini ufyekaji wa jumla ulikuwa umekwisha kufanya kazi yake Shinyanga, nao haukuwa peke yake. Mashamba ya pamba yaliongezeka, ng'ombe waliongezeka, kuni zilitakiwa, na katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijijini, mbali na malisho waliyoyatunza. Nchi ikawa tupu. Wanawake walikwenda mwendo mrefu kutafuta kuni, na mahali pengine samadi iliyopasa kwenda shambani ilichomwa jikoni. Adui mmoja alikuwa ametolewa kwa kuibomoa nyumba ambayo watu nao walikuwa wakikaa ndani yake.

Wasukuma walikuwa na dawa yao. Huiita ngitili: kipande cha malisho, mara nyingi katika itogolo au ukingoni mwa mbuga, kinachofungwa masika yote ng'ombe wasiingie, kikafunguliwa katikati ya kiangazi wakati hakuna majani pengine. Mwaka 1986 serikali ya Tanzania ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uitwao HASHI. Mwanzo waligawa miche mingi, na miche mingi ilikufa. Kisha waliwafuata wazee na ngitili zao. Ikaonekana kwamba mahali pengi hapahitaji kupandwa kitu. Chini ya udongo mlikuwa na visiki na mizizi iliyo hai, ikingoja tu isiliwe kila mwaka. Kufikia 2004 ngitili zilizorudishwa zilikuwa zimepita hekta 300,000.

Mfano wa kosa hilo hilo upande wa mazao ni karanga za Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza kufyeka nyika, wakikusudia mashamba ya zaidi ya ekari milioni 3 katika nchi tatu, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika. Kutoka juu nyika ya Kongwa yaonekana kuwa mahali pamoja, kijivu hata upeo wa macho. Udongo wake ulikauka ukawa mgumu hata karanga hazikuweza kung'olewa, na mvua haikutosha. Kazi iliachwa mwaka 1951, nayo imekwisha kula zaidi ya pauni milioni 30. Mgogo yeyote angaliweza kuwaonyesha palipofaa uwele na palipofaa mbuzi tu.

Siku hizi zipo njia nyingine za kupigana na mbung'o zisizohitaji shoka. Katika kisiwa cha Unguja, ambako Glossina austeni alikaa vichakani na katika msitu wa Jozani, yaliachiliwa kwa ndege madume yaliyolelewa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi. Kazi ya kuyaachilia ilianza mwaka 1994, na mbung'o wa mwisho alikamatwa mwaka 1996. Msitu umebaki umesimama. Bara, wafugaji hutumia vitambaa vya buluu na vyeusi vilivyotiwa dawa, vikasimamishwa porini; mbung'o huvidhania mnyama, akatua, akafa. Vitambaa hivyo navyo vyataka mtu ajuaye makao, kwa maana kitambaa kilichowekwa mahali ambapo inzi hapiti ni nguo iliyoharibiwa bure.

JINSI YA KUITAZAMA NCHI YAKO

Mwalimu au mkulima atakaye kujaribu na achague njia moja inyokayo, toka juu ya kilima hata bondeni, asifuate barabara. Wakati mwema ni mwisho wa masika, majani yangali mabichi na mimea ina maua. Achukue jembe, kamba, na daftari. Kila aonapo miti imebadilika, asimame, achimbe futi moja, ausugue udongo vidoleni. Mara nyingi ataona kwamba udongo umebadilika hatua chache kabla au baada ya miti, na hapo ndipo mpaka. Awe na mzee wa mahali pale, amuulize jina la udongo na kazi yake; jina ambalo mzee analo, mara chache halina sababu. Akiona kuna jina moja kwa mahali pawili anapopaona tofauti, asiharakishe kumsahihisha mzee.

Kisha aifanye safari ile ile tena mwisho wa kiangazi. Asiyefanya safari ya pili hajui makao ya kiumbe yeyote, kwa kuwa wakati wa neema wote hukaa popote.

Ikiwa ni nchi ya mbung'o, watu wawili na wachukue kati yao kitambaa cheusi juu ya mti, watembee polepole katika njia ile, wakisimama kila hatua mia mbili. Mbung'o huja kukaa juu ya kitambaa. Wahesabiwe, na hesabu iandikwe pamoja na jina la mahali na saa, maana wengine huruka asubuhi na jioni tu. Wavae nguo za mikono mirefu zisizo za buluu wala nyeusi, na mtu atakayeumwa kisha akapata homa siku zifuatazo aende hospitali bila kukawia, akaseme kwamba alikuwa porini. Pasipoonekana inzi hata mmoja paandikwe vile vile, kwa jina lake na udongo wake.